Siku Mama Alipokusalimia Kupitia Angani

Mpendwa shemeji Mukendi,

Kabla sijakujulia hali nina swali, na unanifahamu, mimi nikiwa na swali situlii. Asubuhi ile ya msimu wa baridi, chombo cha anga kilipopita juu yetu na mama akashika maikrofoni hapa Likasi, wewe ulikuwa umesimama wapi kule Kasai? Ulikuwa peke yako au na watu? Betri za kile kiredio chako kidogo ulizitoa wapi, wakati wenzako walikuwa hawana hata sabuni? Na uliposikia maneno ya nyumbani kwetu yakitoka kinywani mwa mgeni anayeelea juu ya mawingu, ulicheka au ulilia?

Yaya Béa, dada yangu mkubwa na mke wako, nilimsumbua sana kwa maswali haya. Aliniambia kwamba kila alipokuuliza ulicheka tu na kusema, "Mwambie belle akuye yeye mwenyewe, nitamuelezea." Haya, belle, yaani mimi shemeji yako, hakuja. Kwanza reli ilikufa, kisha vikaja vita, kisha maisha yakanibana, na sasa umelala huko bila kunieleza. Huo si utani mzuri, shemeji. Hata utani wa mashemeji una mpaka wake.

Nakumbuka ulivyoingia kwetu. Ulikuwa fundi umeme, mtoto wa Kakanda, huku huku Katanga, suruali imepigwa pasi hadi inakata, na ulipomwoa Yaya ukawa huna nyumba kwa sababu Kampuni ya migodi ilikuwa haigawi nyumba tena. Basi mkapewa vile vyumba viwili vya uani kwa mama. Majirani walishika vichwa. Mkwe akae kiwanja kimoja na mama mkwe? Kwetu hawa wawili hawatazamani usoni, wala hawasemezani moja kwa moja. Ni heshima, wala si chuki, lakini heshima ya namna hiyo ni rahisi mtu anapokaa mbali. Nyinyi mlikuwa mnapishana mlangoni kila siku, mama anageukia ukuta, wewe unageukia bomba la maji.

Kazi ya kuwaunganisha ikaniangukia mimi. Mama alikuwa na namna yake ya kuanza, nayo haikubadilika hata siku moja: "Mumuambie huyu mutu." Hata mkiwa mmesimama hatua chache tu. "Mumuambie huyu mutu, lengalenga yangu haiko njia ya kupita." Ulikuwa umesimika nguzo ya antena katikati ya mboga zake. Nawe ukanigeukia kwa adabu zote: "Belle, mwambie mama, minye nitaipeleka pembeni," yaani wewe mwenyewe utaihamisha. Nikafungua mdomo kurudia, kana kwamba mama ni kiziwi. Nikiwa shuleni ninafundisha, mlitumia kuku. Yaya aliniapia kwamba aliwakuta siku moja, mama anamwagiza kuku akuambie upunguze kelele, na wewe unamwomba kuku radhi.

Ile redio yenyewe ulituletea baada ya ule uporaji wa mji mzima. Kampuni ilikuwa na kilabu cha redio, na wazungu waliokiendesha walikimbia na kuacha vyombo. Kabla ya watu kuvifikia, ulivibeba kwa baiskeli chini ya gunia la makaa, ukavipanga katika kile kibanda cha nyuma. Mimi nilikuja kuchungulia tu. Nilitaka kujua sauti inapitaje ukutani. Ukanieleza, nikauliza tena, ukaeleza tena, na kabla ya mvua kwisha nilikuwa nimekaa pembeni yako kila Jumamosi alasiri, nikisikia watu wa nchi za mbali wakiongea kwa kupenda tu, bila mshahara, kila mmoja na chombo chake nyumbani.

Halafu ukaniambia kuna chombo angani chenye redio ya namna hiyo hiyo. Nilidhani unanichezea. Kituo cha Warusi, watu wanaishi humo miezi, na wakipata nafasi wanazungumza na watu wa kawaida wa duniani. Wewe ndiye uliyekuwa mratibu wa upande wetu. Ulipanga ni shule gani zitasema, zifuatane vipi, nani aulize nini, ukipatana kwa redio na Ba Mwansa, mratibu wa Ndola, na watu wa Bujumbura na Dodoma. Chombo kile kilikuwa na haraka. Kinachomoza upande mmoja, kinapita, kinazama upande wa pili, na yote hayo huchukua muda wa kuchemsha chai. Shule nne zikigombania muda huo bila mpango, hakuna atakayesikia kitu. Nilipenda jinsi ulivyokuwa mkali juu ya mpango wako, mtu ambaye nyumbani hata chumvi ulikuwa husemi imepungua.

Ukali wako niliuona vizuri siku ile jirani yetu mmoja alipokuja na kitambaa kipya kichwani. Unakumbuka posta ilikuwa imekufa, simu zimekufa, na mji mzima ulikuwa ukiishi kwa phonie, zile redio za misheni na za wafanyabiashara ambapo mtu anakwenda kupiga kelele kwa ndugu yake wa mji mwingine: nani amezaa, nani amefariki, nani atume unga. Jirani yule akaona, kama Mukendi anasema na watu wa juu, basi hiyo ndiyo phonie kubwa kuliko zote. Akaomba umpelekee salamu kwa kaka yake aliye Kolwezi.

"Hapana, mama," ulimwambia. "Ile ya juu haiko phonie. Iko ya bote. Minye nikitumia kwa mambo ya nyumba yangu, kesho kila mutu atatumia kwa mambo ya nyumba yake, na hakuna mutu atasikia tena."

Akaenda amenuna. Nami nikakutetea kwa majirani wiki nzima.

Kisha ukaja ule mwaka ambao hata leo watu wa Likasi wakiusimulia wanatazama chini. Wakubwa wa Katanga wakawaambia watu wenye asili ya Kasai warudi kwao. Wewe uliyezaliwa Kakanda, ambaye Kasai uliijua kwa kusikia, ukaambiwa urudi. Siku mbili tatu majirani waliokuwa wakikuletea pasi zao za umeme uzitengeneze wakawa wanapita mlangoni wakiangalia viatu vyao. Ukaenda kulala kituo cha treni pamoja na wale maelfu, juu ya saruji, mkingoja treni isiyojulikana itakuja lini. Yaya alikuwa na mimba changa. Alifunga mizigo yake, ukamkataza. Watoto walikuwa wanakufa pale kituoni kwa kuhara, na ulimwambia azae kwanza, kisha amfuate baba wa mtoto wake. Sijui ulipata wapi nguvu ya kumwambia hivyo.

Mama alikuja kituoni. Hilo halijanitoka. Alibeba bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo ndani ya sufuria iliyofungwa kitambaa, akapenya katikati ya watu, akafika pale ulipokaa, akageuka akakupa mgongo. "Mumuambie huyu mutu, akule yote." Watu wa kituo walimshangaa, mama mzima anasema na behewa tupu. Nawe ulisimama wima kama mwanafunzi: "Belle, mwambie mama, minye nakula." Ukala. Yeye akabaki amekupa mgongo mpaka sufuria ikaisha, akaichukua, akaenda.

Mimi ukaniachia ufunguo wa kibanda. "Belle, weye njo coordinatrice sasa. Usiache batu ya Ndola bangoye bure." Yaani niwe mratibu badala yako, wa Ndola wasingoje bure. Kiredio chako kidogo cha kusikilizia ulikizika ndani ya ndoo ya unga ili kisichukuliwe njiani. Nilikuona ukikisukuma kwa kidole, kisha ukasawazisha unga kwa kiganja. Treni ilipoondoka sikukuona dirishani, watu walikuwa wengi mno.

Baada ya hapo, kimya. Masista wa misheni walituulizia kila mahali kwa phonie yao, na kila kituo cha Kasai kilijibu kwamba watu walioshuka ni wengi, wametawanyika, hawamjui huyo. Mtoto akazaliwa wakati mvua zinakatika. Msichana, sauti ya tarumbeta. Kwenu baba ndiye anayetoa jina, na Yaya alishikilia hapo hapo. Hataki jina la muda, hataki ubatizo, hataki lolote, mpaka neno lako lije. Padri akaja, akarudi. Tukawa tunamwita "Mugeni" ili tusimwite "weye" tu.

Ndipo mjomba wa Kambove akaingilia. Unajua mjomba wetu, anapenda mambo yanyooke upesi. Alikaa kwenye kiti cha marehemu baba, akasema: "Ule mutu alishaenda. Mutoto ni wetu. Mumupatie jina ya hapa, na Béatrice aolewe na mutu wa hapa, mambo iishe." Akatangaza kwamba Jumapili baada ya ile siku yangu ya redio atakuja na wazee, jina litolewe na njia ifungwe. Yaya alimtazama mama amtetee. Mama alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua mchele.

Yaya aliniambia siku hiyo, "Mama anafurahi ameenda. Tangu zamani hakumupenda." Miaka yote ile nilipeleka maneno ya mama kwako na ya kwako kwa mama, na ndiyo kwanza niligundua kwamba sijui kilichokuwa moyoni mwa yeyote kati yenu. Nilikuwa nabeba tu.

Sasa nikueleze ile siku, kwa sababu wewe uliisikia kutoka upande mmoja tu. Nilikuwa nimeipanga kwa utaratibu wako. Ndola, Bujumbura, sisi, kisha Dodoma. Kule angani kulikuwa na mgeni anayejua Kifaransa, na ndiyo bahati iliyotuwezesha sisi. Ba Mwansa alileta wazo moja zuri: kabla ya swali la wanafunzi, kila mji mzee mmoja asalimie kwa lugha yao, vipande vifupi vifupi, na yule wa juu avirudie neno kwa neno. Watoto wacheke, wazee wajisikie, na lugha zetu zipate kusikika kutoka angani. Kwa upande wetu padri ndiye angesalimia. Malaria ikamlaza. Nikamgeukia mama, kwa kuwa antena iko kiwanjani kwake na kwa kuwa ni mtu wa maneno machache. Nikamfundisha: "Jambo bandugu bote. Minye ni mama wa Likasi, ninabasalimia." Akarudia vizuri. Akaniuliza jambo moja tu.

"Ule wa juu, akisema, anasikika wapi?"

Nikamweleza kama ulivyonieleza. Kwamba kwa mawimbi ya chombo kile sauti yetu ya chini haifiki mbali, mtu wa Kasai hawezi kutusikia. Lakini yule wa juu, akifungua mdomo, sauti yake inashuka kote kwa pamoja, huku kwetu, Zambia, Burundi, na Kasai yote. Mama akasema, "Ah bon," kama mtu anayesema kumbe, akarudi kwenye mchele wake.

Unafikiri mimi sikuliwaza, hilo la kukufikishia habari ya mtoto? Nililiwaza mpaka kichwa kikauma. Ningeweza kulipenyeza ndani ya swali la wanafunzi: mtoto wa kike aliyezaliwa Likasi, na kadhalika, na yule bwana angelirudia. Nilikuwa mratibu, kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Lakini kila nilipoanza nilikusikia ukimwambia yule jirani "iko ya bote", na nikaona haya. Nikaliacha swali kama watoto walivyolitunga: je, mvua inaonekana vipi kwa mtu aliye juu yake? Nilijifungia kibandani nikalia kidogo kwa hasira, hasira juu yako hasa, na msimamo wako huo.

Asubuhi hiyo baridi ilikuwa inauma, kama Julai zetu zilivyo. Umeme haukuwepo, nikafunga betri ya gari. Uwanja ulijaa. Wanafunzi wangu na sare zao, majirani na vitenge vya sikukuu, na wanawake kadhaa waliokuja na salamu zao za Kolwezi na Kamina mdomoni, nikawakatalia mmoja mmoja kwa maneno yako yale yale. Mjomba aliletewa kiti mbele. Yaya alisimama mlangoni na Mugeni mgongoni.

Chombo kikachomoza. Nilikisikia kabla ya wengine, ule mkwaruzo, kisha sauti inanyooka. Ndola wakasalimia kwa Kibemba, mgeni wa juu akarudia kwa ulimi wake mzito, uwanja ukafa kwa kicheko. Bujumbura wakafuata. Kisha akasema kwa Kifaransa, "Likasi, nawasikiliza."

Nikampa mama maikrofoni. Akaishika, akageuka akaipa redio mgongo, uso ukutani. Nilidhani ameogopa. Nikamgusa bega kumhimiza, muda ulikuwa unakimbia.

"Mumuambie huyu mutu," mama akasema.

Na kutoka juu, taratibu, kwa sauti safi kuliko zote nilizowahi kusikia katika kibanda kile, yule mgeni akarudia: "Mumuambie huyu mutu."

"Mutoto yake alizaliwa."

"Mutoto yake alizaliwa."

"Ni mwanamuke. Iko muzima. Na mama yake iko muzima."

Akarudia yote, akajikwaa kidogo kwenye "mwanamuke".

"Hana jina. Tunangoya jina ku baba yake."

Akarudia. Siku zile mtu kumtetea Mkasai hadharani lilikuwa si jambo la mchezo, watu walichomewa nyumba kwa maneno madogo kuliko hayo. Nilimwona mjomba akishika mikono ya kiti. Mama hakuona mtu, alikuwa na ukuta wake.

"Mumuambie, hapa ni kwake."

"Mumuambie, hapa ni kwake," alisema yule bwana kutoka angani, kwa Katanga yote na Kasai yote na nchi za jirani.

Mama akampa mwanafunzi wangu maikrofoni na kutoka nje. Binti akauliza lile swali la mvua, akajibiwa vizuri sana nadhani, sikusikia. Nakumbuka tu yule bwana akisema kwamba salamu za Likasi ni ndefu na nzuri, na kwamba na yeye anamrudishia mama hayo hayo. Dodoma wakapata zamu yao, kamili, sikuwanyang'anya hata pumzi moja. Hilo nakueleza ili usije ukanilaumu.

Jioni Ba Mwansa akaniita kwa redio kujua tumeonaje. Kiswahili hakijui vizuri. "Ba Godé, ba mayo balandile inshi?" Alitaka kujua mama alisema nini. Nikamjibu kwamba zilikuwa salamu za nyumbani kwetu. Na sikudanganya, shemeji. Kwetu hivyo ndivyo ulivyosalimiwa siku zote.

Mjomba alimfuata mama jikoni. "Dada, unatutafutia maneno."

"Minye nilisalimia tu. Si Godé aliniambia nisalimie?"

"Ulisema mambo ya ule mutu mbele ya batu yote!"

"Minye? Kusema na mukwe wangu?" Mama alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Tangu lini?"

Mjomba alichukua kofia yake na kurudi Kambove. Jumapili ilipita bila wazee. Na Yaya, ambaye tangu treni ile alikuwa anapika peke yake uani, alihamishia mbabula yake, lile jiko la makaa, jikoni kwa mama. Hakuna aliyeomba msamaha. Niliwakuta wamekaa kwenye mkeka mmoja wanachambua mchele, nikaondoka polepole wasinione.

Tulingoja. Mimi nilikuwa naamka nikihesabu mambo yanayoweza kuharibika: betri zake zimekwisha, redio imeibwa, alikuwa shambani, alikuwa mgonjwa, yuko hai kweli? Baridi ikaisha, joto likaanza, na siku moja sista wa misheni akatuma mtu kutuita mbio. Phonie ya misheni moja ya Kasai ilikuwa inatutafuta. Tulikwenda wote, mama akakaa kwenye benchi la nyuma.

Sauti haikuwa yako. Alikuwa mwendeshaji wa huko, mtu wa haraka. Lakini nyuma yake nilisikia kikohozi, na Yaya akanishika mkono akaniumiza. "Kuko bwana hapa," yule mtu alisema. "Anasema mumuambie mama, alisikia. Anasema aksanti. À vous," akimaanisha ni zamu yetu.

"Mupe yeye aongee!" Yaya alipiga kelele.

"Anakataa. Anasema mama iko mu chumba. Anasema pia jina ya mutoto ni ile jina yenye yeye hawezi kutaja kwa mudomo. Minye namuambia ataje jina, bwana anakataa! Munasikia hii mambo? À vous."

Sista alidhani umerukwa na akili. Yaya alianza kucheka na machozi yakimtoka pamoja. Kwetu mkwe hatamki jina la mama mkwe maisha yake yote, hata kama kuna mto au mji wenye jina hilo atauzunguka kwa maneno. Katika dunia nzima kulikuwa na jina moja tu ambalo mdomo wako haukuruhusiwa kulitaja. Nikageuka kumtazama mama. Alikuwa ameshasimama, anafunga kitambaa chake upya, anafunga na kufungua, na akatoka nje bila kutuangalia.

Ndivyo Mugeni alivyokuwa Numbi, kama mama. Walikufukuza Katanga, nawe ukampa binti yako wa kwanza jina la mwanamke wa Katanga. Nimelifikiria hilo mara nyingi, shemeji, na bado sijui lilikuwa pendo tu au pia ulikuwa unatujibu sisi wote tuliotazama viatu vyetu. Pengine yote mawili. Lingekuwa jambo la kukuuliza, kama ungekuwa na simile ya kuningoja.

Treni ilipokuwa na usalama kidogo, Yaya akakuletea Numbi wako, na mimi nikabaki na mama na redio. Bado ninaratibu. Kile chombo cha Warusi kilishaanguka baharini, siku hizi kuna kingine kikubwa zaidi, na Ba Mwansa amezeeka, ananiita "binti" ingawa nina mvi. Nimepanga shule nyingi. Kila tunapotaka kuanza nawasomea wazee sheria yako, kwamba ni ya wote. Wananiitikia. Nami kila mara naangalia kama kuna mtu atageukia ukuta.

Sasa nikuambie la mwisho, ambalo Yaya halijui kwa kuwa alikuwa huko kwako akikulilia. Habari ya kifo chako ilipotufikia tuliweka kilio hapa, katika kiwanja hiki. Wanawake walikuja, mkeka ukatandikwa, mama akakaa katikati. Watu wakangoja aanze kama anavyoanza. Nilijiweka karibu, tayari kubeba.

"Mukendi," akasema.

Sikuwahi kumsikia akilitaja jina lako, wala wewe hukuwahi. Hakugeukia ukuta. Alitazama mbele, kama mtu yuko pale.

"Mukendi, mwana yangu. Kule ulikuwa na nguo ya baridi? Ulikuwa unakula? Nani alikuwa anakupikia wakati Béatrice hayafika? Mugongo bado ilikuwa inakuumiza?" Aliuliza na kuuliza, maswali ya miaka yote, moja baada ya lingine, na mimi niliyejiona bingwa wa maswali nikajua nimeyarithi wapi.

Alimaliza. Kisha akanigeukia mimi, kama siku zote, nimletee jibu lako.

Lala salama, shemeji, beau wangu. Mama yuko hapa uani ninapoandika. Bado ananiangalia.

Ni mimi, shemeji yako mdogo uliyemwachia ufunguo,

Godé
Likasi